Nilianguka mara 11 Jumapili ya kwanza, nikarudi ya pili

KAMA umewahi kukatiza katikati ya jiji la Nairobi Jumapili jioni, saa zile maduka mengi yamefungwa na maegesho yamebaki matupu, lazima umewaona. Wanapita Aga Khan Walk kama upepo, viatu vya magurudumu miguuni, mikoba mgongoni. Mmoja anaenda kinyumenyume huku akiongea kwa simu kana kwamba amekaa sebuleni kwao. Pengine ulisimama ukawapiga video. Pengine ulisema kimoyomoyo: hawa watoto wa watu hawana kazi ya kufanya.

Mimi nilisema hivyo. Na asiyekuwa na kazi siku hiyo nilikuwa mimi.

Wacha nikueleze nilikotoka, kwa sababu najua wengine wenu mko huko sasa hivi, mnasoma makala hii mkiwa mmelala, pazia limefungwa na ni saa nane mchana. Kandarasi yangu ya mwaka mmoja ilikwisha na haikurefushwa. Nilikuwa na miaka 26, bedsita Umoja, digrii ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro. Mwezi wa kwanza nilituma maombi ya kazi kila siku. Wa pili nilituma nilipojisikia. Wa tatu nikaacha hata kufungua barua pepe. Nilikuwa nalala saa kumi alfajiri na kuamka saa sita mchana. Mathe akipiga simu nasubiri ikatike yenyewe, kisha namtumia ujumbe: "Niko kwa mkutano, nitakupigia." Mkutano gani, na nani? Na dari.

Halafu siku moja, ndani ya matatu Jogoo Road, moyo ulianza kunipiga kama ngoma ya isukuti. Mikono ikawa baridi, pumzi ikakatika, nikajua leo ndiyo leo, nakufa. Nilishuka kabla ya kituo changu nikaketi kwenye ukingo wa barabara. Mama mmoja muuza njugu akanipa maji yake ya kunywa. Zahanatini waliniambia moyo hauna shida yoyote; ni wasiwasi uliopita kiasi, ule ambao mwili unashikwa na hofu bila kuona adui. Wakaniandikia karatasi ya kwenda kumwona mshauri nasaha. Nilikunja ile karatasi nikaitia kwenye bahasha pamoja na digrii. Kuanzia siku hiyo sikupanda matatu kwa wiki tano. Nilienda nilikoweza kufika kwa miguu, yaani dukani.

Sasa, ploti yetu ina ujia mrefu wa simiti, laini kiasi, na watoto wa orofa ya tatu walikuwa na pea moja ya viatu vya magurudumu. Ndugu wawili, pea moja. Walikuwa wanagawana: huyu anavaa wa kulia, huyu wa kushoto, kila mmoja anasukuma kwa mguu ulio mtupu. Alasiri moja yule msichana, wa miaka minane hivi, aligonga mlango wangu. Siku hiyo kaka yake alikuwa amemwachia pea nzima.

"Aunty, hebu nishike mkono."

Kwa wiki nzima hilo ndilo jambo pekee ambalo mtu alikuwa ameniomba na nikaweza. Nilimshika tukaenda tukarudi, tukaenda tukarudi, yeye akipiga mayowe, mimi nikikimbia na malapa. Nikacheka. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. Nilikuwa sijaisikia siku nyingi.

"Sasa wewe," akaniambia.

"Mguu wangu ni mkubwa, mami."

"Basi nunua zako."

Kama kununua mandazi.

Kamera au fagia

Nilitembea kwa miguu hadi Gikomba, saa moja na nusu. Ukiuliza vizuri kwa wauzaji wa viatu vya mitumba utaelekezwa, maana pea kama hizi huja moja moja ndani ya marobota ya viatu vya michezo na si kila mtu anazijua thamani yake. Niliyemkuta alikuwa na pea tatu. Moja ya mtoto, moja imepasuka, na moja nambari 39, ya magurudumu manne yaliyojipanga mstari mmoja.

"Siz, hiyo ni kamera," akaapa.

Wanaonunua mitumba mnajua kamera ni ile ya kuchaguliwa kwanza, safi kama mpya. Yangu ilikuwa fagia. Gurudumu moja la rangi tofauti, kamba moja haipo, na ndani harufu ya Mzungu aliyekuwa na miguu ya jasho. Nilitoa Sh2,500, pesa ya stima na gesi. Usiniige hapo.

Neno kidogo kuhusu jina. Ukisema viatu vya magurudumu, watu wa mtaani watakukodolea macho. Wanasema skeiti, na kitendo chenyewe ni kuskeiti. Ukiandika "sketi", mathe atadhani umenunua nguo na atakuuliza ni ya urefu gani. Basi hapa nitaandika skeiti tuelewane.

Kwa wiki mbili nilijifunzia kwenye ule ujia, nikishika ukuta kama mlevi, hadi keateka akasema wapangaji wa chini wanalalamika kelele. Aliniambia kwa upole, lakini aliniambia. Kwa hiyo nilibaki na chaguo moja: kwenda tauni Jumapili, kwa wale wasee niliokuwa nawacheka. Na tauni ni mbali. Ingebidi nipande matatu.

Nilikaa karibu na mlango. Skeiti nilizipakata kama mtoto mchanga. Moyo ulianza vituko vyake tulipofika Makadara, lakini kondakta akauliza, "Madam, hizo ni za nini?" nikaanza kumweleza, na kabla sijamaliza tukawa Muthurwa. Sitakudanganya kwamba hofu ilikwisha pale. Ila nilifika.

Kwanza jifunze kuanguka

Kijana aliyenipokea alikuwa na miaka kama 20. Siku za juma aliosha magari. Hakuniuliza jina wala kazi. Aliangalia miguu yangu, akaangalia viganja vyangu, akauliza, "Vikinga viko wapi?" Sikuwa navyo. Akaniazima vyake.

Somo la kwanza halikuwa kusimama. Lilikuwa kuanguka, na nataka ulielewe hata kama hutawahi kuvaa skeiti maishani. Mtu asiyefundishwa akianguka hurusha mikono nyuma au mbele ameikaza, na uzito wote wa mwili unaishia kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana mfupa unaovunjika sana kwenye mchezo huu ni wa pale. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 uligundua kuwa wasiovaa vikinga vya kifundo walikuwa na uwezekano wa takriban mara 10 zaidi wa kuumia hapo kuliko waliovaa. Kwa hiyo: ukihisi unaenda, kunja magoti, jishushe, tangulia kwa goti lenye kikinga, kisha viganja viteleze mbele. Usipigane na anguko. Chuchumaa mapema upunguze safari ya kufika chini.

"Siz, kaa kama unataka kuketi kwa kiti halafu umebadilisha mawazo," aliniambia. Magoti yamekunjwa, kifua mbele kidogo, macho mbele. Ukiangalia miguu unaanguka. Ukisimama wima kama askari wa gwaride unaanguka pia, tena kwa nyuma, na huko ndiko kubaya.

Nilianguka mara 11. Nilihesabu. Mara ya nne watalii wawili walinipiga picha. Mara ya saba niliangukia mbele ya mtu niliyefanya naye kazi, amevaa nguo za kanisani, na mkewe. Akaniuliza, "Ni wewe?" Nikamjibu nikiwa chini, "Ni mimi." Tukacheka wote. Kwa miezi nilikuwa nimeogopa kukutana na mtu wa ile ofisi, nimepanga hadi majibu ya kumpa kuhusu kazi. Hakuuliza chochote kuhusu kazi. Aliuliza kama naumwa na kiuno.

Usiku ule nililala saa nne. Saa nne usiku, si alfajiri! Mwili wote ulikuwa unauma na sikukumbuka kushika simu.

Hapa ndipo watu hutaka kuambiwa siri. Hakuna siri kubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150, na linasema wazi kuwa kuutumikisha mwili hupunguza dalili za wasiwasi na mfadhaiko. Lakini wewe na mimi tunajua kuambiwa "fanya mazoezi" ukiwa chini ni kama kuambiwa "changamka". Jimu nilikuwa nimejaribu. Pale kuna vioo kila upande na mtu anayenyanyua chuma huku akinguruma. Kukimbia pia nilijaribu. Nikikimbia, mawazo nayo yanakimbia, tena yananipita.

Kwenye skeiti ni tofauti kwa sababu moja ya kijinga: ukiwaza kodi ya nyumba, unaanguka. Kuna jiwe dogo, kuna mfuniko wa mtaro, kuna mtoto na puto. Kichwa hakina nafasi ya mkutano na dari. Na kuna jambo jingine nililoligundua taratibu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa kasi ileile ya siku ya Jogoo Road, jasho lilelile, pumzi ileile fupi, ila sasa nilijua kwa nini. Mwili ukajifunza upya kwamba moyo kwenda mbio si lazima iwe habari mbaya. Washauri nasaha hutumia njia inayofanana na hiyo kwa makusudi, wakimfanya mtu aizoee hali anayoiogopa kidogo kidogo. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu kujiamini, mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 juu ya imani ya mtu kwamba anaweza kutenda jambo fulani. Alisema chanzo chenye nguvu zaidi cha imani hiyo ni kulitenda mwenyewe ukafaulu. Kutiwa moyo kwa maneno kuko nyuma sana. Ndiyo maana zile video za "jiamini, wewe ni simba" zinakuacha palepale ulipokuwa. Wiki ya tatu nilikata kona bila kushikwa. Kona moja, ya kushoto. Hakuna aliyenipigia makofi, na bado nakumbuka ilikuwa karibu na nguzo gani.

Neno kucheza

Lugha yetu ina jambo zuri hapa. Unacheza mpira, unacheza ngoma, na nati ikilegea fundi anakuambia "gurudumu linacheza." Neno moja. Tukiwa wadogo tulicheza kati, blada, rounda, bano na brikicho hadi giza liingie na mama aite mara tatu. Halafu siku fulani tukaacha. Wavulana wengi wanabaki na mpira. Sisi wasichana, ukifika darasa la saba hivi, unaambiwa kaa vizuri, funga miguu, msichana mkubwa haruki kamba barabarani. Jaribu kukumbuka mara yako ya mwisho kucheza kitu kisicho na mshindi, kisicho na bet, kisichopigwa picha. Mimi nilirudi nyuma miaka 14.

Na hilo la nati lina ukweli wake kwenye skeiti. Inasimuliwa kuwa miaka ya 1760, mvumbuzi John Joseph Merlin aliingia karamuni London akiteleza kwa viatu vya magurudumu alivyotengeneza mwenyewe, akipiga fidla. Hakuwa na breki wala namna ya kukata kona. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kioo cha bei ghali, akakivunja pamoja na fidla. Baada ya hapo ilichukua takriban karne nzima. Mwaka 1863, mjini New York, James Plimpton alisajili kiatu cha magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, chenye vipande vya mpira kwenye ekseli. Ile mpira iliruhusu ekseli icheze kidogo, ili mtu akiegemea upande mmoja kiatu kigeuke upande huo. Hadi leo skeiti za aina hiyo zina nati katikati: ukiikaza sana kiatu kinakuwa kigumu hakikati kona, ukiilegeza sana kinatetemeka. Kila mtu anatafuta kipimo chake.

Hapa kwetu pia kuna historia, fupi lakini ipo. Hoteli ya Panari, Mombasa Road, ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na kutoka hapo ikaja timu ya magongo ya barafu, Kenya Ice Lions, ambayo baadhi ya wachezaji wake walianzia kwenye skeiti za lami kama zetu. Mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao kwa wapenzi wa mchezo huo ni kama kuambiwa umecheza na Messi. Kwa wanaopenda ubao, Kangemi kuna uwanja wa zege kwenye makao ya watoto ya Shangilia.

Sasa wacha nirudi kwa wasichana, maana najua unachofikiria. Ndiyo, utaangaliwa. Ndiyo, kuna mwanamume atasema jambo. Mimi mwezi wa kwanza nilivaa fulana ndefu kama dera kwa sababu niliona kila jicho liko kwenye makalio yangu. Kilichobadilika si wanaume. Ni kwamba ukiwa kwenye mwendo, maneno yao yanabaki nyuma. Tuna mwenzetu anayevaa hijabu, suruali pana na helmeti juu ya mtandio, na yeye ndiye mwenye kasi kuliko wote. Hajawahi kumjibu mtu barabarani.

Nikizivua

Sasa sehemu ambayo nusura niiruke.

Yule kijana aliyenifundisha hakuja Jumapili moja. Hatukujali, watu huwa na shughuli. Hakuja ya pili. Ya tatu tukampigia, simu inalia haishikwi. Ujumbe ulikuwa na alama mbili za kijivu, umefika haujasomwa. Tulijua anakaa Huruma lakini hakuna aliyejua ni wapi hasa, na hapo ndipo nilipoona aibu. Huyu mtu amenishika mikono yote miwili kwa miezi minne na sijui mlango wake.

Tulienda wawili, mimi na yule mwenye hijabu. Tulimpata kwa kuuliza: "Yule wa magurudumu." Kila mtu alimjua. Alikuwa ndani, taa imezimwa, sufuria imekauka. Aliketi kitandani akatutazama kama watu wa kwenye runinga. Hatukujua la kusema. Mwenzangu alitoka akanunua maziwa na mkate akapika chai, bila kuomba ruhusa. Ni baada ya chai ndipo alizungumza.

"Siz, nikivaa hizi niko sawa," akaonyesha skeiti zilizoning'inia msumarini. "Shida ni nikizivua."

Alituambia kwamba alikuwa amewaza kufa, na si mara moja. Hakuwa amemwambia mtu. Mtaani kwao, alisema, kuna jirani aliyejaribu kujitoa uhai, na alipotoka hospitalini alipelekwa kituo cha polisi. Nani ataongea baada ya kuona hivyo?

Kwa hiyo lijue hili na umwambie mwenzako. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ndicho kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu aliyefika hapo anahitaji matibabu, si seli.

Nilimshauri aende hospitali kuonana na mshauri. Nilikuwa nazungumza vizuri sana, nimetulia, kama dada mkubwa, hadi nikakumbuka karatasi yangu mwenyewe ndani ya bahasha ya kaki, miezi sita imekunjwa. Nikamwambia. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kumbe wewe pia." Jumatano tulienda wote wawili, hospitali ya umma, tukapanga foleni kutoka saa moja asubuhi. Yeye aliandikiwa dawa na kupangiwa kikao kila baada ya wiki mbili. Mimi nilipangiwa vikao sita. Anaskeiti bado. Jumapili zingine anakuja anaketi tu pembeni, anakula karanga, na hakuna anayemsukuma.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "skeiti iliponya stresi yangu" namkatiza. Mchezo ulinitoa kitandani ukanifikisha kwa watu, na watu wakanifikisha hospitalini. Kama mawazo ya kujidhuru yamekujia, usisubiri Jumapili. Piga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, haitozwi. Au mwambie mtu aliye karibu, hata kama ni keateka.

Ukitaka kuanza

Usinunue skeiti kwanza. Njoo uazime, uone kama unapenda. Ukiamua kununua, viatu viwe vya kubana kifundo cha mguu, visicheze ndani. Soksi nzito, ndefu kupita kiatu, ama utachubuka. Kwa lami yetu yenye mashimo chukua magurudumu laini. Kwenye magurudumu utaona nambari kama 78A au 85A. Kadiri nambari inavyopungua ndivyo mpira ulivyo laini na hukutikisi meno. Yale magumu ya 95A na zaidi waachie wanaocheza kwenye sakafu ya ndani.

Pesa yako ya kwanza iende kwa vikinga na helmeti kabla ya mapambo yoyote. Vikinga vya kifundo cha mkono, magoti, viwiko. Mitumba inatosha kwa vikinga vya magoti, lakini helmeti iliyowahi kupigika usinunue, kwa kuwa ufa wa ndani hauonekani.

Ukinyeshewa, usitupe skeiti kwenye kona. Kila gurudumu lina beringi mbili, na maji yakiingia zinashika kutu. Zitoe, zifute, zisafishe, zikaushe kabisa, tia tone la mafuta ya cherehani. Fundi wa baiskeli yeyote anaweza kukusaidia. Saizi yake huitwa 608, na ikiwa ulikuwa na kale kamchezo ka kuzungusha vidoleni kalikovuma mwaka 2017, basi beringi iliyokuwa katikati ni hiyohiyo.

Na tafadhali, tafadhali, usishike matatu ikuvute. Najua umeona video za Thika Road. Mimi nimeona pia waliobebwa. Dereva akifunga breki wewe huna breki ya kushindana naye. Katika kundi letu ukishika gari mara moja unaambiwa, ukishika mara ya pili usirudi.

Utauliza kama nilipata kazi. Nilienda kwa mahojiano mawili. La kwanza sauti ilitetemeka, nikasimama katikati ya jibu, nikanywa maji, nikaomba nianze tena. Wakaniruhusu. Kazi hiyo sikuipata. Miezi sita kabla ningeenda nyumbani nikalala siku tatu. Siku hiyo nilienda nyumbani nikapika ugali. La pili nilipata, ya nusu siku, kuingiza takwimu kwa kompyuta, mshahara mdogo. Inalipa stima. Mathe sasa nashika simu yake, hata nikiwa sina habari ya kumpa. Matatu napanda, ingawa bado napenda kiti cha karibu na mlango.

Yule mtoto wa orofa ya tatu amekua, skeiti zimembana, na kaka yake sasa ana pea nzima. Nilimpeleka tauni mwezi jana. Alinizunguka mara tano akaniuliza mbona naenda polepole hivyo.

Jumapili hii tuko pale pale kuanzia saa kumi jioni, mvua isiponyesha. Njoo na soksi nzito na maji ya kunywa. Ukivaa kati ya nambari 38 na 43 hutakosa pea ya kuazima. Ukivaa 44 tuambie mapema, iko moja tu na ina mwenyewe.